Ngitili: akiba ya kiangazi isiyoonekana kwenye bajeti

Ngitili ni eneo ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa mvua, mifugo isiingie, ili majani yakue, yakauke yakiwa yamesimama, kisha yaliwe kiangazi. Hufungwa mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, na hufunguliwa kuanzia Julai au Agosti, mabua ya mtama na mahindi yakishakwisha mashambani. Halifunguliwi lote kwa mkupuo. Hukatwa vipande, na kipande kimoja kikimalizwa ndipo mifugo huhamia kingine. Wanaotangulia ni ndama, ng'ombe wa maziwa, wagonjwa na wazee, yaani wale wasioweza kutembea mwendo mrefu kufuata malisho ya mbali. Maksai nao huwekewa fungu lao.

Fungu hilo la maksai ndilo linaloeleza kwa nini mkulima anaacha ardhi ikae na majani badala ya kuilima yote. Mvua ya kwanza inaponyesha, plau inahitaji ng'ombe wenye nguvu wiki hiyohiyo, na ng'ombe wakati huo wametoka kwenye miezi mingi ya ukavu. Kaya yenye maksai waliokonda hulima ekari chache, hupanda kwa kuchelewa na huvuna kidogo. Majani yaliyotunzwa hadi Oktoba yanaamua ukubwa wa shamba la Desemba. Kwa hiyo anayeiona ngitili kama ardhi iliyolala amekosea hesabu: ni sehemu ya shamba, ila mazao yake hupitia tumboni mwa ng'ombe kabla ya kufika ghalani.

Eneo lililofungwa haliishii kwenye majani. Visiki na mizizi iliyobaki ardhini huchipua, na baada ya miaka michache migunga na miti mingine ya asili hurudi bila mtu kupanda mche. Hapo kila mtu wa kaya ana chake. Wanawake hupata kuni za matawi makavu, mboga za porini na matunda ya mikwaju, mibuyu na mitonga. Wanaume hukata fito na nguzo za nyumba na maboma ya ng'ombe, huchonga mipini ya majembe na hutundika mizinga ya nyuki. Waganga huchimba mizizi na kubandua magome. Nyasi ndefu huezeka nyumba, na maganda ya migunga huliwa na mbuzi wakati hakuna kingine kibichi.

Vitu hivyo havina uzito sawa mwaka mzima. Mboga ya porini ni kitu kidogo mwezi ambao kunde zimejaa shambani, lakini ni mlo wa familia ghala linapokaribia kwisha. Mti wa dawa huonekana wa maana siku ambayo zahanati iko mbali na mtoto ana homa. Mkulima hupima mmea kwa mwezi anaouhitaji na kwa umbali ambao angetembea kama usingekuwapo. Kipimo hicho hakimo kwenye bei ya soko, na hapo ndipo watunga mipango wengi hupotea njia.

Historia ya Shinyanga, katika nchi ya Wasukuma, inaonyesha gharama ya kupotea huko. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliendesha ufyekaji mkubwa wa mapori ili kuangamiza mbung'o. Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o wa Tanganyika akiwa Shinyanga, alikuwa kinara wa kazi hiyo. Ufyekaji wa kuwafukuza kwelea kwelea nao ulichangia. Kisha mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na miti ikaendelea kukatwa kwa kuni na mkaa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikazihamisha familia kutoka kwenye maboma yao ya zamani. Ngitili ambayo mwenyewe amehamishiwa mbali haina wa kuifunga, na nyingi zikaisha. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere aliitembelea Shinyanga na kushtushwa na ukame wa ardhi aliyoiona.

Jitihada za awali za kurekebisha hali, zilizotegemea miti ya kigeni inayokua haraka na amri za kupunguza mifugo, hazikufua dafu. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, kwa msaada wa Norwei. Baadaye kituo cha utafiti wa kilimo mseto cha ICRAF kiliungana nao. Mradi ulifanikiwa ulipoacha kuwaletea watu kitu kipya na kuanza kuuliza walichokuwa nacho. Jibu lilikuwa ngitili. Mwaka 1986 zilizokuwa zimeorodheshwa zilifikia hekta 600 hivi tu. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, eneo lililorejeshwa lilikadiriwa kuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, ambao ulijumuisha pia sehemu kubwa ya Simiyu ya leo. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na ardhi yenyewe, kwa sababu watu walikubali kuipumzisha.

Makubaliano hayo yalikuwa na wenyewe. Dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ndilo lililopanga nani aingie ngitili ya jumuiya, lini, na mchunga anayevunja mwiko alipe nini. Sungusungu, walinzi wa jadi waliojitokeza mapema miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, waliwakamata wakosaji. Serikali za vijiji zikaandika sheria ndogo zinazotambua taratibu hizo. Faini iliyotolewa na watu anaozikana nao ilimwuma mkosaji kuliko barua ya ofisa misitu.

Thamani ya yote haya ilijaribiwa kuhesabiwa. Tathmini ya Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la uhifadhi la IUCN, iliyotolewa mwaka 2005, ilikadiria kwamba mazao ya ngitili yalimpa mtu mmoja wastani wa dola 14 za Marekani kwa mwezi. Wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini wakati huo ulikuwa dola 8.50 kwa mwezi. Asilimia 64 ya kaya zilizohojiwa zilisema hali yao ilikuwa bora kutokana na ngitili, na wanawake waliokoa kati ya saa 2 na 6 kwa siku katika kutafuta kuni.

Takwimu hizo zina kasoro moja ya kuangaliwa: wastani huficha tofauti. Takriban nusu ya ngitili ni za watu binafsi, na mwenye ng'ombe wengi na ardhi pana ndiye mwenye ngitili kubwa. Anaweza hata kuwakodishia wengine malisho kiangazi. Kaya isiyo na ng'ombe inaishi kwa ngitili ya kijiji, kwa kuni, mboga, nyasi na asali. Ngitili ya pamoja inapogawanywa au kuuzwa, kaya hiyo ndiyo ya kwanza kurudi barabarani kutafuta kuni.

Na shinikizo la kugawanya lipo. Watu wameongezeka, mashamba yanatafutwa, na miji inanunua mkaa. Vitabu vya halmashauri navyo vina upofu wao. Pamba ikiuzwa, ushuru huingia. Gunia la mkaa likilipiwa, ushuru wa mazao ya misitu huingia. Maksai aliyenusurika Oktoba haingizi senti, wala mama aliyeokoa saa nne. Mgunga huonekana kwenye bajeti siku unapokatwa. Ofisa anayepanga mapato kwa vitabu hivyo atashawishika kila mwaka kuiona ngitili kama pori linalosubiri kutumiwa.

Sheria haikosekani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakiruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja na kutoa hatimiliki za kimila, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua misitu ya hifadhi ya vijiji. Kinachopungua ni utekelezaji wenye kufuata mpangilio sahihi. Mipango ya matumizi bora ya ardhi ianze kwa kupima na kusajili ngitili za pamoja, kabla ya hatimiliki za watu binafsi kutolewa pembeni yake, kwa sababu kipande kikishapata mwenyewe hakirudi. Sheria ndogo zitaje nani anaruhusiwa kuokota kuni na kuchuma mboga ndani ya ngitili, ili kaya maskini isitegemee huruma ya mwenyekiti. Halmashauri nazo ziweke kwenye taarifa zao za mwaka idadi ya hekta zilizofungwa, kama zinavyoweka kilo za pamba.

Wakulima wa Usukuma hawahitaji semina ya kuwafundisha thamani ya mimea inayowazunguka. Waliijua kabla ya mradi, wakaipoteza walipohamishwa, wakairejesha waliporuhusiwa kuamua. Serikali inayotaka ngitili zidumu iulinde uamuzi huo kwa hati na ramani, na iuhesabu kama sehemu ya kilimo.