Mbung'o wa Tanga hawakuwa na mionzi

Kuanzia 1994, mbung'o madume waliofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi ya gama walimwagwa Unguja kutoka angani ili kukomesha nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o. Maneno juu yao hayajaisha.

Eti walisambaza mionzi mashambani. Hapana. Mionzi ya gama hupita mwilini, huharibu mbegu za dume, basi. Haimgeuzi mdudu kuwa chanzo cha mionzi. Nani amepigwa eksirei akatoka hospitali anang'aa?

Hoja ya pili ina uzito. Kwa mbung'o, tofauti na mbu, dume naye hunyonya damu na huweza kueneza vimelea. Sasa kumwaga mamilioni si kuongeza ugonjwa? Ila mbung'o hazaliwi na vimelea. Huvipata kwa mnyama mgonjwa, hasa katika mlo wake wa kwanza. Ndiyo maana katika kazi hii madume hulishwa kwanza damu iliyotiwa dawa ya kuua vimelea, ndipo waachiwe.

Wengine husema dawa ya kupaka ng'ombe ingetosha. Ilitangulia kutumika, pamoja na vitambaa vyenye sumu, na mbung'o wakapungua sana. Lakini msitu wa Jozani, huko Unguja, hauna ng'ombe wa kupakwa. Humo dume tasa hujitafutia jike mwenyewe. Na jike wa mbung'o hatagi: hulea buu mmoja tumboni, akamzaa kila baada ya siku 9 au 10 hivi, na kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Akiwahiwa na tasa, uzazi umekwisha. Waliachiwa madume zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa Septemba 1996.

Isotopu zenye mionzi zinazotumiwa kuchunguza nagana kwa ng'ombe nazo huitwa sumu. Kromiamu-51, ambayo nusu ya nguvu yake huisha kwa siku 28 hivi, hutiwa kwa kiasi kidogo kwenye chembe nyekundu za ng'ombe wa utafiti ili zifuatiliwe. Ndivyo ilivyoonekana kwamba mgonjwa wa nagana huishiwa damu hasa kwa sababu chembe zake huharibiwa upesi mno.

Dai linaloniudhi zaidi hutoka kwa mashabiki wa mbinu ya madume tasa: kwamba ya Unguja yatawezekana popote. Unguja ni kisiwa, na kilikuwa na spishi moja tu, Glossina austeni. Bara zipo kadhaa, na mapori yameungana. Anayeahidi hivyo aseme kwanza atawazuiaje mbung'o wa pori la jirani.