Gari Likikatiwa Simu

Bila shaka umewahi kupanda gari lililokwisha tumika Japani kabla ya kuletwa kwetu. Redio yake hukoroma tu, maana masafa ya FM ya Japani si sawa na ya hapa. Ramani iliyomo huzungumza Kijapani. Gari ni zima, lakini masikio yake yamebaki ng'ambo.

Kasoro hiyo ndogo sasa inakua. Magari mapya hutengenezwa yakiwa na simu ndani yake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Machi 31, 2018, kila aina mpya ya gari dogo hulazimika kuwa na chombo kinachopiga chenyewe namba ya dharura 112 itokeapo ajali kubwa. Ni jambo jema. Lakini simu haisemi bila mtandao, na mtandao una gharama ya minara, umeme na masafa. Nani hulipa?

Kwa huduma nyingi za namna hii, mtengenezaji hulipa kwanza, akiificha gharama katika bei ya gari. Muda ukiisha, mwenye gari hudaiwa ada. Na kulipa ada si kinga. Februari 2022, kampuni ya AT&T ya Marekani ilizima mtandao wake wa 3G ili masafa yale yatumike kwa mitandao mipya. Magari mengi yaliyoutegemea yalipoteza uwezo wa kuita msaada yenyewe, ingawa injini zake zilikuwa nzima. Muuzaji alikwisha pata fedha zake, mwenye minara akapata masafa yake. Hasara ikaiangukia familia.

Kwa magari yanayojiendesha, jambo hili ni zito zaidi. Yale ya Waymo huko San Francisco hujiamulia mengi yenyewe, lakini yakitatizwa huomba ushauri kwa watu walio mbali, kwa njia ya mtandao. Hapo mtandao si anasa tena.

Magari ya leo ya ng'ambo ndiyo mitumba yetu ya kesho. Basi, kabla hujatoa akiba ya miaka mingi, wewe na mwenzi wako ulizeni: chombo hiki hutumia mtandao gani? Ada hulipwa na nani, hadi lini? Mtandao ukizimwa, kipi kitaendelea kufanya kazi? Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri maungo.