Urani ya Manyoni na Elimu ya Kuilinda

Katika wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, ziko mbuga ambazo hujaa maji wakati wa mvua na kukauka wakati wa kiangazi. Wagogo hulisha ng'ombe wao humo. Chini ya udongo wake, si kwa kina kirefu, imo urani. Na kampuni ya Uranex ya Australia ilitoboa ardhi hiyo ili kuipima. Aliyepima ajua alichokiona. Je, mwenye mbuga ajua? Hilo ni swali ambalo vyuo vikuu vya Tanzania havina budi kulijibu, wala jibu lake halipatikani katika hotuba za mikutano, bali darasani.

Wako wasemao kwamba elimu ya kuzuia uenezaji wa silaha za maangamizi ni elimu ya wenye silaha hizo. Tanzania haina bomu, haitaki bomu, wala haina fedha za kulitengeneza. Kwa nini basi mwanafunzi wa shahada ya uzamili apoteze miaka yake kwa ugomvi wa Washington na Moscow? Hoja hii ina sura ya busara, lakini busara yenyewe haimo. Kuni za juu ya uchaga huzicheka kuni za motoni.

Kongo nayo haikuwa na bomu. Ilikuwa na mgodi wa Shinkolobwe, katika Katanga. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za mawe ya mgodi huo zilipelekwa New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi ya kuunda mabomu ya kwanza ilitoka huko. Na tarehe 6 Agosti, 1945, mji wa Hiroshima uliteketea. Wachimbaji wa Katanga, nchi ambayo Kiswahili husemwa, hawakuambiwa mawe yao yanakwenda kufanya nini. Hawana lawama, maana walinyimwa elimu na uhuru pamoja. Tanzania ya leo inao uhuru. Ikikosa elimu itajitetea kwa lipi?

Si kwamba nchi imelala kabisa. Iliingia katika Mkataba wa Kuzuia Uenezaji wa Silaha za Nyuklia mwaka 1991. Mwaka 2003 ilitunga Sheria ya Nguvu za Atomiki, na mwaka 2005 ikaifungulia Vienna mlango mpana zaidi wa ukaguzi. Mkataba wa Pelindaba, unaoikataza Afrika silaha za nyuklia, ulipata nguvu mwaka 2009. Lakini sahihi ni ahadi, na karatasi haitimizi ahadi. Lazima awepo mtu ajuaye kwamba katika urani ya asili sehemu iwezayo kuwasha bomu ni asilimia 0.7 tu, na kwamba hurutubishwa mpaka kufikia asilimia 90 au zaidi ili iwe silaha. Lazima awepo wa kuhesabu mapipa tangu mgodini, katika reli, mpaka bandarini, na wa kumwuliza mnunuzi ayapeleka wapi. Mtu wa namna hiyo hazaliwi, hufundishwa.

Hapo husemwa kwamba shule zipo ng'ambo. Zipo, na ile ya Monterey, huko California, ilijipatia sifa kubwa. Aendaye asizuiwe. Lakini kila shule huanza na hofu za mji wake. Mwanafunzi wa Singida atarudi na hofu za wenzake akizidhani zake, hali maswali ya Manyoni hayajaulizwa: maji ya mbuga yatakuwaje, nani atalinda shehena, na mwanakijiji atamshtaki nani likitokea la kutokea?

Hoja ya mwisho ndiyo dhaifu kuliko zote, nayo ni kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba elimu hii. Mkataba wa Pelindaba uliandikwa kwa Kiarabu, Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kwa hiyo mfugaji wa Manyoni hawezi kuusoma mkataba unaohusu udongo anaoukanyaga. Hilo si kosa la lugha. Ni uvivu wa wasomi wake. Mwaka 2021 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Lugha iliyoaminiwa kumhukumu mtu haishindwi kumweleza hatari iliyo chini ya miguu yake.

Basi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kile cha Dodoma kilicho jirani na Manyoni, na Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, vishirikiane kuianzisha shahada hiyo. Walimu wa fizikia, wa sheria, wa historia na wa lugha wapo. Kinachokosekana ni nia ya kuwakutanisha. Masomo yaanze kabla mchimbaji hajafika mbugani, kwa sababu mlinzi aajiriwaye baada ya mali kutoka hulinda ghala tupu.