Nodi ya Bitcoin geto Rwamishenye: inanilipa nini?

Nimekuwa kimya, mitihani ilibana. Leo najibu swali la kila anayeiona laptop yangu ya zamani ikikesha juu ya kabati: "Oya, hiyo inakuingizia shilingi ngapi?"

Haiingizi hata mia. Watu mnachanganya nodi na kuchimba. Kuchimba kunataka mashine maalumu na umeme wa kutosha, kama wanavyofanya Hifadhi ya Virunga, mashariki ya Kongo, tangu 2020 kwa umeme wao wa maji. Nodi ni programu ya kukagua tu. Inashusha daftari lote kuanzia Januari 3, 2009, inapitia miamala, na ikiletewa uongo inaukataa. Basi.

Sasa kwa nini nasema kila anayesoma kompyuta hapa chuo awe nayo? Kwa sababu ya boom, jamani! Boom ikiingia tu, utaungwa kwenye grupu la WhatsApp la "koini" mpya: weka elfu hamsini, baada ya mwezi toa laki. Wazee wetu walilizwa na DECI, serikali ikaisimamisha 2009. Jirani zetu Uganda wakalizwa na Dunamiscoins 2019, nayo ilijiita koini. Mimi huwa nauliza swali moja: nodi yake iko wapi niishushe nikague mwenyewe? Akianza kukuonyesha picha za magari, ondoka. (Kuwa na nodi si dhamana kwamba bei haitashuka, hilo nalo tusidanganyane.)

Kingine, utajifunza Linux kuliko kwenye notsi. Usiwashe bitcoind kwenye dirisha la amri halafu ukaliacha wazi. Mtengenezee mtumiaji wake asiye na mamlaka ya root, andika faili la huduma la systemd, kisha systemctl enable. Mashine ikiwaka, nayo inaamka yenyewe nyuma ya pazia. Weka Restart=on-failure, na TimeoutStopSec iwe sekunde 600, maana bitcoind inahitaji muda wa kuandika kwenye diski kabla ya kuzima. Ukiikata ghafla inaweza kuharibu hifadhidata. Kwa umeme wetu huu, betri nzima ya laptop inaishinda kompyuta ya mezani.

Diski ndogo? prune=550 inabakiza mabloki ya karibuni tu. Ila lazima kwanza ushushe yote, zaidi ya gigabaiti 600, na ikiharibika unaanza upya. Hapo bando linalia. Baada ya hapo blocksonly=1 na listen=0 zinapunguza matumizi, yanabaki mabloki kama 144 kwa siku.

Kuna wanaosema eti serikali imekataza. Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba fedha halali ni shilingi tu, halafu Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye kuhamisha mali za kidijiti. Mimi sinunui wala siuzi, nakagua.

Pendekezo langu: tuchange tununue diski ya nje ya terabaiti 1, tushushe mara moja, tunakiliane. Kila mtu aanze na -reindex ili mashine yake ikague upya, asiniamini hata mimi. Mwenye intaneti ya maana usiku ajitokeze.

Naomba kuwasilisha.