Utani Usiokuwa na Jibu

Iko itikadi moja iliyokita mizizi katika miji yetu ya pwani, na hapa Kiunga ina wafuasi wengi miongoni mwa watu wazima wenye heshima zao, nayo yadai kwamba watoto wanapochekana kwa nasaba, huyu akaitwa mtu wa mwituni, yule mkimbizi wa ng'ambo ya mpaka, na mwengine akaigizwa matamshi yake mbele ya wenziwe, basi huo ni utani tu wa utotoni, hauna dhara, na watauacha wenyewe watakapobaleghe. Naipinga itikadi hii waziwazi, kwa kuwa ni batili katika asili yake, na matokeo yake tumekwisha kuyaona.

Kwanza, utani una masharti yake. Watani wa kweli, kama Wanyamwezi na Wazaramo, hukutana kwa daraja moja: aliyenirushia neno leo atalipokea langu kesho wala hatakasirika, na siku ya msiba mtani ndiye ajaye kuhudumu na kuwatoa wafiwa katika huzuni yao. Sasa na tumtazame kijana wa Waaweer, ambao wengi wetu huwaita Waboni, anayekuja mjini kutoka Mangai au Basuba. Atamjibu nini mwenziwe amchekaye kwamba babu zake waliishi kwa mawindo na asali? Wazee wake walitolewa msituni wakakusanywa vijijini kando ya barabara wakati wa vita vya Shifta. Sehemu za misitu waliyoijua mti kwa mti zikatangazwa kuwa hifadhi za Boni na Dodori mwaka 1976. Mwaka uliofuata uwindaji ukapigwa marufuku Kenya nzima. Na katika miaka ya karibuni shule za wadi ya Basuba zikafungwa muda mrefu kwa khofu ya mashambulizi. Kijana huyo akichelewa darasani, tena kwa sababu asizozitenda yeye, kuchelewa kwake hufanywa dalili ya ujinga wa kabila lake zima. Mmoja anasema na mwengine hana la kurudisha: hiyo ni dharau, na dharau haigeuki kuwa utani kwa sababu wasemaji wana umri wa miaka tisa.

Tena ni dharau ya mtu asiyejua anachokidharau. Mtoto wa mvuvi, aliyefundishwa na babake kuzitambua dalili za kusi na kaskazi, angelistahiki kuwa wa kwanza kuistaajabia elimu ya Mwaweer, ambaye humwita ndege wa asali kwa mluzi, akajibiwa, kisha akamfuata mti hadi mti mpaka kwenye nyuki.

Lakini wataacha wakikua, twaambiwa. Ushahidi wa pwani hii wasema kinyume. Hadi mwaka 1925 Kiunga na Kismayu zilikuwa chini ya utawala mmoja wa Kiingereza. Uingereza ilipoikabidhi Italia nchi ya Jubaland, mpaka ukaja kukaa karibu na Kiunga, na Wabajuni wenye lugha moja na ujamaa mmoja wakawa raia wa dola mbili pasina hata mmoja wao kuulizwa. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wa Chula, Chovai na Koyama walivuka bahari kuja kwa jamaa zao, na wengine wakafika hadi Uingereza, ambako sauti zao zilirekodiwa na kupimwa na wachambuzi wa lugha, ili iamuliwe kwa matamshi kama mtu ni wa Somalia au ni wa Kenya. Na huku kwetu, vijana wa kaunti za mpakani walilazimika kwa miaka mingi kusimama mbele ya kamati za uhakiki kabla ya kupewa kitambulisho, hata Rais Ruto alipotangaza mwezi wa Februari 2025 kuwa utaratibu huo umekoma. Kumkadiria mtu kwa sura na lafudhi, mchezo ule ule tunaouachia watoto, kumbe watu wazima hawakuuacha, waliutilia muhuri.

Wapo wanaodhani dawa ni kuwaambia watoto kuwa hakuna tofauti baina ya watu. Mtoto ana macho na masikio, naye hataliamini neno hilo. Afundishwe tofauti hizo kwa ukweli wake, pamoja na historia ya Watikuu wenyewe, yaani Wabajuni, ambao baadhi ya koo zao husimulia kuwa asili yao ni Wagarre, ndugu wa karibu wa Waaweer kwa lugha. Hapo ataona kuwa anayemcheka pengine amechangia naye babu wa kale. Wala haihitajiki silabasi mpya kutoka Nairobi. Watoto wa Kiunga huihifadhi Sura ya Hujurati chuoni, nayo yakataza kaumu kuidharau kaumu nyengine na watu kuitana kwa majina mabaya, ila aghalabu huhifadhishwa matamko yake pasipo kuonyeshwa kuwa inawahusu wao na jirani yao.

Nawasihi basi wazazi, walimu wa skuli na walimu wa chuo: mtoto akimcheka mwenziwe kwa kabila au kwa matamshi, msicheke pamoja naye. Mkatazeni pale pale, aliyechekwa akisikia, na amtake radhi.