WARAKA KWA WANACHAMA WOTE WA CHAMA CHETU CHA MSINGI

Yah: Kuandika kumbukumbu za wazee kuhusu gharama ya ukombozi

Ndugu wanachama,

Kwenye mkutano uliopita kijana mmoja aliuliza: "Vita vya Msumbiji vilikuwa huko kusini. Sisi wa ziwani vilituhusu nini?" Watu walicheka, ila hakuna aliyemjibu. Namjibu leo.

Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika iliwekwa Dar es Salaam mwaka 1963. Waziri wetu wa Fedha wakati huo alikuwa Paul Bomani, mtu wa Mwanza aliyelelewa na ushirika wa pamba. Mwaka uliofuata FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, wakaanza vita. Wapiganaji walipewa kambi Kongwa na Nachingwea, na mgeni hakai kwako bila gharama. Desemba 1965 tukavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya ukombozi wa Rhodesia, na mkopo wao wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Kisha ikaja reli ya kwenda Zambia, nayo kwa mkopo wa China. Fedha za kigeni tulizipata kwa katani, kahawa na pamba, na pamba nyingi ilitoka huku kwetu.

Mama yangu alikuwa akikaa mkekani usiku akitenga pamba safi na fifi, utambi wa taa ameushusha mpaka karibu uzime ili mafuta yafike kesho. Akishika pamba yenye doa, aliisogeza karibu na mwanga, akaitazama, ndipo akaitupa upande wa fifi. Chai tulikunywa bila sukari. Jina la Nachingwea tulilisikia redioni tu.

Tusiwadanganye watoto, hata hivyo. Si kila uhaba uliletwa na ukombozi: ukame wa 1973 na 1974 ulituumiza, mafuta yalipanda bei dunia nzima, na makosa yetu wenyewe yalikuwapo. Ndiyo maana nataka wazee waulizwe wangali hai. Vitabu vinaeleza serikali ilitoa nini, lakini havielezi nyumba zetu zilijinyima nini.

Kwa hiyo, kabla ya mizani ya pamba kufunguliwa msimu huu, naomba mambo matatu:

1. Kila familia ikae na mzee wake jioni moja, imrekodi kwa simu. Aulizwe bei, foleni za duka, michango, na alichokikosa.
2. Kadi za chama cha TANU na stakabadhi za pamba za zamani zipigwe picha. Zenyewe zibaki kwa wenyewe.
3. Mzee akisema alinung'unika, andikeni hivyo hivyo. Aliyelipa huku akinung'unika naye amelipa.

Karani atapokea rekodi na picha hizo kila Jumamosi kwenye ghala. Yule kijana aliyeuliza nimemwomba awe wa kwanza, aanze na bibi yake.



Katibu