UNGA WA MAWE NA NYUNGUNYUNGU VITATUFAA

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache juu ya mbolea. Mwaka 2022 bei ya mbolea kutoka nje ilipanda mno, tukaumia sisi wakulima wadogo. Lakini yapo mawe ya fosfeti hapa hapa nchini, Minjingu, mkoani Manyara. Unga wake huyeyuka polepole katika udongo wenye tindikali kama wetu. Hauna naitrojeni, hiyo tutaipata kwa mboji ya nyungunyungu, ambao hula samadi na maganda ya ndizi. Mbona basi dukani kwetu unga huo hauonekani? Nawaomba mabwana shamba waje wapime udongo, watufundishe kuvitumia vyote viwili kabla ya mvua.

Mkulima,
Njombe.